Nyumba na bustani Mombasa: kazi ya kila majira

Mlango wa mbele wa nyumba yetu ya Kisauni hugoma kufunga kila ifikapo Mei. Mwaka wa kwanza nilimwita seremala, akaupiga randa, ukafunga vizuri. Ilipofika Januari mbao zilikuwa zimekauka, na kando ya kitasa pamebaki mwanya wa kupitisha kidole. Kosa halikuwa la seremala. Nilimwita wakati mbao zimekunywa unyevu wa masika, nikamwambia akate kitu ambacho kingerudi chenyewe baada ya miezi michache.

Kazi nyingi za nyumba hapa kwetu ziko hivyo. Ufundi ni uleule, lakini ukifanywa nje ya majira yake huzaa hasara. Kwa hiyo nitafuata pepo mbili na mvua mbili zinazotutawala. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, joto na ukavu. Masika huanza mwishoni mwa Machi, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Kusi huingia pamoja na masika na huendelea mpaka Septemba, bahari imechafuka na hewa imepoa. Vuli ni mvua ya Oktoba hadi mapema Desemba. Wazee wetu walihesabu mwaka kwa miongo, siku kumikumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, ili baharia ajue lini kutweka tanga na mkulima ajue lini kupanda. Mwenye nyumba naye anahitaji hesabu ya namna hiyo.

Ukiwa na pesa na nafasi ya kufanya kazi msimu mmoja tu, chagua kaskazi, kuanzia katikati ya Januari hadi katikati ya Machi. Ndio wakati pekee ambao paa, ukuta na chuma vyote viko vikavu. Miaka hii Ramadhani inaangukia miezi hiyohiyo, na si haki kumpandisha fundi aliyefunga juu ya bati la moto. Panga kazi ya paa kabla ya mwezi kuandama, au ianze alfajiri na ikome saa tatu asubuhi.

Kaskazi: anza na paa

Paa la mabati halivuji katikati ya bati mara nyingi. Linavuja kwenye misumari, ambapo raba ya kofia imepikwa na jua mpaka ikapasuka. Tobo lenyewe unaweza usilione ukiwa juu, lakini ukiwa ndani ya dari linajionyesha.

1. Panda darini saa sita mchana, taa zikiwa zimezimwa. Kanyaga mbao tu. Jipsamu haibebi mtu. Subiri dakika chache macho yazoee giza. Kila tobo litawaka kama nyota.

2. Chukua njiti za chelewa kutoka kwenye fagio, na katika kila tobo ingiza njiti moja mpaka itokeze juu ya bati. Njia hii ni bora kuliko chaki au picha ya simu, kwa sababu ukiwa juu ya paa huoni alama za ndani, lakini njiti zilizosimama unaziona zote.

3. Asubuhi inayofuata panda juu na mtu wa kukushikia ngazi. Ngazi ikiwa na urefu wa mita 4 mpaka inapoegemea, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani. Vaa viatu vya raba, na ukanyage penye mstari wa misumari, maana chini yake kuna ubao. Ukikanyaga kati ya mbao, bati linabonyea na kiungo kinafunguka, umepata tobo jipya.

4. Ng'oa msumari uliolegea. Usiugongelee tena palepale, kwa sababu ubao umeshachoka. Tumia skrubu ya mabati yenye raba, nene kidogo kuliko msumari wa zamani, na iingie kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde maji yanapopita.

5. Tobo dogo lisilo la msumari lisafishe kwa brashi ya waya, lifute, kisha libandike utepe wa lami wa kuzibia paa. Kiraka kizidi tobo kwa sentimita 5 kila upande. Ukikibandika juu ya vumbi, kitanyanyuka wiki ileile.

6. Malizia na gata. Toa majani ya mwembe, mchanga na viota vya kunguru, kisha mimina ndoo ya maji upande wa juu. Maji yakisimama mahali, gata limelala; nyanyua kibanio chake.

Ukilazimika kununua mabati mapya, kumbuka kwamba namba ya geji ikipungua, unene unaongezeka. Geji 28 ni nene kuliko geji 30. Nyumba iliyo karibu na bahari ikipigwa bati jembamba, mwenyewe atalipa mara mbili.

Wenye paa la zege wana kazi ngumu kidogo. Zege huficha maji: ufa uko jikoni, tone linaangukia chumbani. Kabla ya kupaka dawa yoyote ya kuzuia maji, hakikisha slabu imekauka kweli. Kata karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike juu ya slabu kwa utepe pande zote nne, iache mpaka kesho yake. Ukiibandua ukakuta matone chini yake, zege bado lina maji. Subiri wiki nyingine. Likiwa kavu, fungua ufa kwa patasi uwe na umbo la kabari, pulizia vumbi lote nje, jaza, kisha paka makoti mawili, la pili likikatisha mwelekeo wa la kwanza. Watu wengi hupaka dawa hii Aprili baada ya kuona tone la kwanza. Maji yaliyofungiwa ndani huipuliza kama malengelenge ikabanduka, na pesa imekwenda.

Paa la makuti halihitaji maelezo mengi. Kagua mgongo wa paa kwanza, ndipo linapoanza kuoza. Badilisha safu zilizokonda, na usiruhusu jiko la mkaa wala nyaya za stima zilizo wazi karibu yake.

Chumvi na chuma

Pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha asubuhi, hasa ukiwa Nyali, Bamburi au Likoni upande wa bahari. Utando mweupe unaobaki kidoleni ni chumvi, na hiyohiyo imelala juu ya grili, geti, bawaba na sehemu ya nje ya kiyoyozi. Chumvi huvuta unyevu hewani, kwa hiyo chuma chako kinabaki kimelowa hata siku isiyo na mvua.

Siri ya kupaka rangi chuma cha pwani iko katika kuosha kabla ya kupaka. Fundi wengi hupiga msasa na kupaka papo hapo. Rangi hiyo hufunika chumvi, nayo chumvi huendelea kula chini kwa chini mpaka rangi ifure. Fanya hivi: osha chuma kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, kiache kikauke, kwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka uone chuma kinachong'aa, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha siku hiyohiyo piga koti la kwanza la rangi ya kuzuia kutu. Usikiache kilale uchi; asubuhi utakikuta chekundu. Kuanzia siku inayofuata piga makoti mawili ya rangi ya mafuta, la kwanza likauke kabla ya la pili. Zingatia pembe na maungio, kwani ndipo rangi huwa nyembamba na kutu huanza.

Baina ya mwaka na mwaka, suuza grili na kiyoyozi kwa maji safi mara moja kwa mwezi wakati wa kusi. Bawaba na komeo zipake grisi. Ukibadilisha, nunua za shaba au za chuma kisichoshika kutu.

Kuna kutu nyingine ambayo haionekani, na hiyo ndiyo inayonitisha zaidi. Nyumba nyingi zilijengwa kwa mchanga wenye chumvi. Nondo zilizo ndani ya zege hushika kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka kutoka ndani. Chukua mpini wa nyundo, ugonge chini ya roshani, kwenye vizingiti na kwenye nguzo. Zege zima hutoa sauti kavu, ya kukaza. Zege lililoachana na nondo hulia kama dafu lililokauka. Mahali hapo pasizibwe kwa plasta tu. Zege bovu libomolewe mpaka nyuma ya nondo, kutu itolewe yote, nondo ipakwe dawa, ndipo pajazwe kwa saruji na mchanga wa mto. Ikiwa nondo imeliwa ikawa nyembamba, au ni nguzo inayobeba ghorofa, usiguse, mwite mhandisi.

Kuta

Mawe yetu ya matumbawe hunyonya maji kama sifongo, na hilo si kosa mradi yapewe nafasi ya kuyatoa. Kuta za zamani za Mji wa Kale zilipigwa plasta ya chokaa, ambayo hupumua. Anayekuja kuziba nyufa zake kwa saruji anafungia unyevu ndani, na baada ya misimu miwili plasta yote inaanguka pamoja na vipande vya jiwe. Ukuta wa chokaa uzibwe kwa chokaa: kipimo kimoja cha chokaa kwa vipimo vitatu vya mchanga ulioondolewa chumvi. Nyunyizia ukuta maji kwanza, piga tabaka jembamba, na ulifunike kwa magunia yaliyolowa siku kadhaa lisikauke haraka.

Unga mweupe unaotoka chini ya ukuta ni chumvi inayopandishwa na unyevu wa ardhini. Usiuoshe kwa maji, kwa sababu utayeyuka na kurudi ndani. Ufagie mkavu, uukusanye, uutupe. Kisha tafuta asili yake nje: udongo uliorundikwa ukutani, ua lililopandwa karibu mno, au bomba linalovuja. Ardhi ya nje ishuke chini ya sakafu yako kwa angalau sentimita 15 na iteremke kutoka ukutani.

Mchwa nao hupanda wakati huu. Vichuguu vyao vyembamba vya udongo utaviona kwenye msingi na kwenye miguu ya milango. Vunja kimoja, kikijengwa upya baada ya siku mbili, wamo kazini, na fundi wa dawa aitwe kabla hawajafika kwenye mbao za paa.

Machi: yape maji njia yake

Nusu ya pili ya Machi ni ya mitaro. Fungua chemba zote, toa mafuta yaliyoganda na mchanga. Shimo la choo likikaribia kujaa linyonywe sasa. Likisubiri Mei, maji ya ardhini yatakuwa yamepanda, na gari likinyonya, shimo linajaa tena kutoka pembeni. Fuata mtaro wako mpaka unapoingia kwenye mtaro wa barabara, na zungumza na majirani mzibue pamoja. Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilitufundisha mtaani kwetu kwamba mtaro wa mtu mmoja hauna faida ikiwa wa jirani umejaa chupa za plastiki. Maji yaligeuka yakaingia kwetu sote.

Halafu tangi. Mji huu una shida ya maji ya mfereji, na ni huzuni kuona mvua ya Mei ikikimbilia baharini huku tukinunua mitungi. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 limepokea lita 2,000. Hata ukitoa sehemu ya tano inayopotea, umebaki na lita 1,600. Acha mvua za kwanza zioshe paa kabla ya kuelekeza bomba tangini.

Kusafisha tangi: lifikishe karibu na mwisho, sugua kuta kwa brashi bila sabuni, toa tope lote, suuza. Changanya mililita 200 za dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, ya asilimia 3.5, kwenye ndoo ya lita 20, paka kuta zote, subiri nusu saa, suuza tena. Usiichanganye kamwe na asidi ya choo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Tangi la chini ya ardhi mtu asiingie peke yake, na asiingie kabla halijaachwa wazi likapata hewa.

Minazi na miti

Kabla ya kusi kuvuma, kila mnazi ulio karibu na nyumba uanguliwe nazi zilizokomaa na utolewe makuti makavu. Mkwezi wetu, mzee aliyeanza kukwea akiwa kijana, nilimwomba mwaka fulani aukate mnazi makuti mengi ili nipumzike. Akanijibu, "Mwanangu, kuti bichi ndilo linalolisha nazi. Nikilikata, mwakani utaniita nishuke mikono mitupu." Tangu hapo ni makavu tu. Akiwa juu mwombe atazame kichomozi, yaani makuti machanga ya katikati: tundu lenye nyuzi zilizotafunwa ni la chonga, mende anayetoboa minazi, na mkwezi humtoa kwa waya wenye ndoano. Mabuu ya chonga hukulia kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye samadi iliyolundikwa muda mrefu, kwa hiyo gogo lililolala uani ndilo linaloua mnazi uliosimama.

Mwembe upogolewe mara baada ya mavuno makubwa kumalizika, kwenye Machi, kwa kutoa matawi yanayosugua paa, yanayoelekea ndani na yaliyokufa. Usipogoe mwembe unaojiandaa kutoa maua. Tawi zito likatwe kwanza kutoka chini theluthi moja, ndipo juu; bila hivyo litachanika na gome mpaka shinani.

Bustani ya masika

Udongo wetu mwingi ni mchanga, maji hupita na mbolea hufuata. Samadi iliyooza vizuri, karai moja kwa kila hatua ya tuta, ichanganywe wiki mbili kabla ya mvua. Bamia, kunde na mchicha vipandwe mvua ikishatulia, si siku ya mvua ya kwanza, kwani mara nyingi hiyo huja na kukatika siku kumi. Inua matuta kiasi cha shibiri, la sivyo mvua ya Mei itaoza mizizi. Mpapai na mndimu hazivumilii kusimama majini. Zipandwe juu ya kilima kidogo cha udongo. Makonokono wakubwa waokote alfajiri kwa mkono uliovaa mfuko.

Kazi ambayo haisubiri ni mbu. Mombasa ilipata mlipuko wa dengi, au kidingapopo, mwaka 2013, na chikungunya kuanzia mwisho wa 2017. Mbu anayeambukiza magonjwa hayo huuma mchana na hutaga kwenye maji safi yaliyotuama karibu nasi: kisahani cha chungu cha yasmini, tairi, kifuu cha nazi, gata lililolala. Kutoka yai hadi mbu huchukua kama siku 7 hadi 10. Kwa hiyo chagua siku moja ya wiki, kwetu ni Ijumaa asubuhi, mzunguke uani na kumwaga kila kitu. Sugua kuta za chombo, maana mayai hung'ang'ania pembeni na hustahimili ukavu. Mifuniko ya matangi ikazwe na mabomba ya kuingizia maji yafungwe wavu.

Mvua ikiendelea, usitengeneze; tazama. Mvua kubwa ya kwanza inaponyesha zunguka ndani na nje, piga picha kila doa na kila dimbwi. Maji ya kisima yachemshwe wakati huu, hasa pale kisima na shimo la choo vinapogawana kiwanja kimoja. Doa likikaribia taa, zima swichi kuu na umwite fundi wa stima.

Kusi, kisha vuli

Juni hadi Septemba kazi hupungua. Anika magodoro na makabati kila jua likitoka, ukungu ufutwe kwa siki na kitambaa. Milango iliyovimba iache, hata ikikukera. Ikifika Agosti, panda mboga za majani kwenye nafasi za bamia zilizozeeka, kwa sababu hewa imepoa na mchicha hauchomeki.

Septemba rudia gata, mitaro na tangi kwa ufupi, kwani vuli hushuka kwa kishindo hata isipodumu. Desemba ikikaribia, tandaza makumbi ya nazi kwenye mashina ya miti, unene wa sentimita 10, yasiguse gome, ili ardhi itunze maji ya vuli wakati kaskazi itakapoanza kuipika. Umwagiliaji uwe alfajiri au jua likichwa. Ukiona kingo za majani zinaungua ingawa unamwagilia kila siku, onja maji ya kisima chako; pengine ni chumvi, na unazidi kuua unachokinusuru.

Kwetu tuna daftari moja lililofungwa na kamba jikoni. Ukurasa wa kwanza una mchoro wa paa, na kila njiti ya chelewa iliyowahi kutokeza imetiwa nukta na tarehe. Januari hii nilipopanda, nukta saba zilikuwa zimekusanyika kona ya kusini-mashariki, kule kusi inakopiga. Bati moja la kona hiyo ndilo nililobadilisha.